Jinsi ya kukaa mtoni siku nzima ukiwa Bangkok, taratibu na kwa hela ndogo

Watu wengi wakifika Bangkok wanaingia kwenye teksi, wanakaa foleni lisaa lizima, wanashuka kwenye hekalu wanapiga picha wanarudi foleni tena, jioni ukiwauliza wanakwambia mji una joto na makelele. Mto wenyewe wanauvuka tu darajani vioo vimefungwa. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, maana Chao Phraya ndo ulikuwa barabara kuu ya ule mji kabla ya barabara za lami, na kasri, mahekalu, makanisa, misikiti na masoko ya zamani mengi yalijengwa yakiangalia mtoni, yani ukija kwa teksi unaingilia mlango wa uani. Sasa nataka nikueleze namna ya kushinda mtoni kutwa nzima kwa boti za kawaida, zilezile ambazo wenyeji wanapanda kwenda kazini.

Kanuni yangu ni moja: asubuhi panda boti uende nayo mpaka mwisho wa safari bila kushuka popote, ukifika huko juu ndo uanze kurudi kidogo kidogo ukishuka sehemu mbili tatu basi. Wengi wanafanya kinyume, wanashuka kila gati kwa sababu kila gati lina kitu kizuri, ikifika saa saba mchana miguu inawaka moto na mto wenyewe hata hawajauangalia. Ukiupita wote kwanza umekaa kwenye kiti unaujua mji umekaaje, unajichagulia mwenyewe pa kurudi, na hutakuwa na ile presha ya kwamba kuna kitu unakikosa.

Kuna faida nyingine ambayo wageni wengi hawaijui. Wafanyakazi wengi wanaopanda hizi boti wanakaa kaskazini, upande wa Nonthaburi, na kazi zao ziko mjini. Kwahiyo asubuhi boti zinazoshuka na mto kuja mjini zimejaa watu wamesimama, zinazopanda kwenda kaskazini viti vipo. Jioni inageuka, wao wanarudi makwao we unashuka na boti tupu. Ukifuata huu mpango unasafiri kinyume na watu asubuhi na jioni, unakaa kwenye kiti safari zote mbili.

Boti ipi sasa

Anzia gati la Sathorn. Kufika pale ni rahisi mno, unapanda treni ya juu ya BTS laini ya Silom unashuka Saphan Taksin, ukitelemka ngazi mto uko mbele yako. Magati yana namba na hesabu inaanzia hapo, ukielekea kaskazini ni N1, N2, N3 mpaka N30 ambayo ndo Nonthaburi, hivyo hata kama majina ya Kithai yanakushinda we shika namba tu.

Boti zinatofautishwa na bendera iliyoko nyuma. Unayoitaka ni ya bendera ya rangi ya chungwa, inatembea kutwa na wikiendi pia, nauli ni baht 16 popote uendapo, ukishuka gati la pili ni 16 na ukienda mpaka N30 ni 16. Bendera ya njano na ile ya kijani ni za wakati wa kwenda na kutoka kazini siku za wiki tu, na zinaruka magati mengi, ukipanda bila kujua unaweza kupitishwa pale ulipotaka kushuka. Bendera ya bluu ni boti ya watalii, ina mtu anaelezea kwa Kiingereza na ina tiketi ya siku nzima ya kama baht 150. Sio mbaya kama una wazee au watoto wadogo na hutaki kubanana, ila haifiki mbali, inaishia kwenye magati ya mjini, na mto unaoanza baada ya hapo ndo mzuri zaidi.

Pale Sathorn utakutana na watu wamevaa vitambulisho shingoni wanakuita kwa upole uende kwenye dirisha lao. Sio lazima. Sema asante, nenda dirisha lenye rangi ya chungwa, kaa kwenye mstari na wenyeji. Uwe na hela ndogo pia, maana mashine za benki zinapenda kutoa noti za 1000 na ukimpa kondakta noti ya 1000 kwa nauli ya 16 unamtesa bure. Asubuhi ingia 7-Eleven yoyote, ziko kila kona, nunua maji uvunje hiyo noti upate za 20, zile za kijani.

Kupanda na kushuka

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapowatia watu hofu, na kumbe ukielewa inavyofanya kazi panakuwa sehemu nzuri kuliko zote.

Boti ni ndefu na nyembamba, nahodha yuko mbele kabisa na mlango wa abiria uko nyuma kwenye tezi. Nahodha hawezi kuona nyuma yake kuna nini. Kwahiyo kuna baharia anasimama pale tezini na kamba mkononi na firimbi mdomoni, na yeye ndo macho ya nahodha. Boti ikikaribia gati anapuliza milio mifupi mifupi, na kwa jinsi anavyopuliza nahodha anajua asogee, apunguze au arudi nyuma. Injini inanguruma kinyumenyume, maji yanachemka, tezi inagonga matairi yaliyofungwa kwenye gati, baharia anaruka na kamba anaizungusha kwenye chuma na watu wanaanza kushuka hapohapo hata boti haijatulia vizuri. Wakimaliza wa kushuka wanaingia wa kupanda, mlio mmoja mrefu, kamba inafunguliwa, mmeondoka. Yote hayo ni sekunde chache tu.

Kwahiyo ukikaribia gati lako inuka mapema usogee nyuma, usisubiri boti isimame ndo uanze kukusanya mabegi. Gati linaelea na linapanda na kushuka pamoja na boti, angalia mguu wako, ukivuka vuka kwa hatua moja bila kusitasita. Mtoto mshike mkono, simu iweke mfukoni wakati wa kuvuka maana nimeona watu wanarekodi video huku wanaruka na roho inakuwa juu juu. Pale nyuma utaona alama ya sehemu ya watawa wa Kibuddha, wale wa nguo za rangi ya zafarani, hiyo sehemu waachie wao, na kama we ni mwanamke jitahidi usiwaguse hata kwa bahati mbaya kwa sababu wana miiko yao ya kutogusana na mwanamke.

Kondakta, mara nyingi ni mama mtu mzima, anapita katikati ya viti na kopo la chuma refu lenye tiketi na sarafu ndani, analitikisa linalia, ukisikia huo mlio toa hela. Tiketi yenyewe ni kikaratasi kidogo, anakikata kwa mdomo wa lile kopo, kitunze mpaka ushuke.

Kukaa wapi? Ukienda kaskazini asubuhi jua linatokea mkono wa kulia, kwahiyo ukitaka kivuli na ukitaka kuona hekalu la Wat Arun vizuri kaa kushoto. Viti vya pembeni vinarushiwa maji boti nyingine ikipita kwa kasi, kuna plastiki za kushusha lakini watu wanaziacha wazi kwa ajili ya upepo, we vaa nguo inayokauka haraka uenjoi.

Unachokiona ukipanda

Kutoka Sathorn mpaka Nonthaburi ni zaidi kidogo ya saa moja. Usiangalie simu.

Mwanzo kulia kuna hoteli za kifahari, na nyuma ya mojawapo karibu na gati N1 kuna mtaa wa Waislamu wenye msikiti wa Haroon, nautaja kwa sababu ukitafuta chakula cha halali au pa kuswali mapema kabla ya kuanza ni jirani sana. Mbele kidogo kushoto ICONSIAM, jengo kubwa la maduka, lipite tu. N5 ni Ratchawong, mlango wa kuingilia Chinatown. Halafu mnapita chini ya Memorial Bridge, daraja la chuma lililofunguliwa Aprili 1932 kuadhimisha miaka 150 ya Bangkok kuwa makao makuu, na miezi miwili baadaye mwaka huohuo mapinduzi yakamaliza utawala wa mfalme mwenye mamlaka yote. Mji ulianzishwa 1782 na mfalme Rama I, kabla ya hapo makao makuu yalikuwa ng'ambo ya pili, Thonburi, chini ya mfalme Taksin. Kwahiyo ukikaa kwenye boti, kushoto kwako ni mji wa kwanza na kulia ni wa pili.

Hapo kushoto angalia kwa makini kwa sababu ndani ya dakika chache unapita kanisa la Santa Cruz lenye kuba, mtaa wa watu wenye asili ya Wareno, halafu hekalu la Wat Kalayanamit lenye paa refu ambalo Wathai wa asili ya Kichina wanalipenda sana, halafu mdomo wa mfereji ambao ukiingia ndani kidogo kuna msikiti wa Tonson, mkongwe kuliko yote Bangkok. Dini tatu zimekaa jirani kwa miaka mingi, na zote mlango wake ulikuwa maji.

Halafu inakuja Wat Arun. Mnara wake mkubwa ni kama mita 80, ulianza kujengwa enzi za Rama II ukamalizika enzi za Rama III, kwa mbali unaonekana wa kijivu tu, boti ikisogea unaona umepambwa kwa maelfu ya vipande vya vyombo vya udongo vya Kichina, visahani na makombe yaliyovunjwa yakapangwa kuwa maua. Inasemekana vyombo hivyo vilikuja vikiwa uzito wa chini wa majahazi kutoka China. Upande wa kulia muda huohuo yanatokea mapaa ya dhahabu ya kasri la kifalme. Hutajua uangalie wapi, na usijali, jioni unarudi hapohapo.

Jambo ambalo lilinishangaza mno nilipolijua ni kwamba hii sehemu ya mto unayopita mbele ya Wat Arun na kasri haikuwa mto, ni mfereji uliochimbwa na watu. Zamani mto ulikuwa unazunguka duara kubwa kule Thonburi, majahazi yaliyokuwa yanaenda Ayutthaya, makao makuu ya enzi hizo, yakawa yanapoteza muda, ndo mfalme Chairacha kwenye karne ya 16 akaamuru wachimbe njia ya mkato. Maji yakaipenda njia mpya, yakaipanua mpaka ikawa mto mkubwa, na mto wa zamani ukasinyaa ukawa ndo mifereji ya Bangkok Noi na Bangkok Yai. Ukiliweka hilo kichwani ramani nzima inakaa sawa.

Baada ya daraja la Rama VIII, lile lenye nguzo moja kubwa na nyaya za dhahabu, lilifunguliwa 2002, watalii wengi wanakuwa wameshashuka na boti inabaki na wenyeji. Hapa ndo nakuomba utulie. Matishari makubwa yamefungwa kwa kamba moja nyuma ya jingine yanavutwa na boti moja ndogo inayohema, yamebeba mchanga au mpunga, na kwenye tishari utaona familia wamepanda maua kwenye ndoo, nguo zimeanikwa, mbwa kalala. Magugu maji yanaelea kwa mafungu, mengine yameota maua ya zambarau. Nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo na ngazi zinaingia majini. Kulia linatokea bunge jipya la Thailand, jengo kubwa kweli lenye kilele cha dhahabu. Mto una maji kupwa na maji kujaa kwa sababu bahari haiko mbali, kwahiyo siku nyingine ngazi hizo unaziona zote, siku nyingine zimezama nusu.

Nonthaburi na kurudi

Nonthaburi hakuna kivutio kikubwa cha kwenye vitabu, na ndo maana naipenda. Ukishuka kuna mnara wa saa, nyuma yake jengo la mbao la zamani lililokuwa ofisi za mkoa, na ukivuka barabara soko. Zunguka sokoni nusu saa, kunywa kahawa ya barafu, kula matunda. Mkoa huu una sifa ya durian, lile tunda lenye harufu kali, na ukiwa hapo kati ya Mei na Juni utazikuta zimepangwa kwa bei ya kutisha, onja kipande kimoja tu ujue mwenyewe kama ni wako au sio wako, ila usibebe kwenye treni wala hotelini, wanakataza.

Kuna watu watakushauri uendelee mpaka Ko Kret, kisiwa cha wafinyanzi wa kabila la Mon kilichopatikana baada ya mfereji kuchimbwa mwaka 1722. Ni pazuri sana ila pana siku yake, ukipaunganisha na huu mpango utarudi mbio mbio na jioni utaikosa. Kama ni wikiendi na wewe sio mtu wa mahekalu, basi badilisha, nenda Ko Kret uachane na mchana nitakaoueleza hapa chini.

Kwenye saa tano hivi rudi gatini, panda bendera ya chungwa ileile kushuka na mto. Safari hii shuka N10, Wang Lang, upande wa Thonburi. Hapo ni Siriraj, hospitali ya kwanza ya Thailand, ilifunguliwa 1888, na pembeni yake kuna soko la vichochoro ambapo manesi, wanafunzi wa udaktari na watu waliokuja kuangalia wagonjwa wanakula. Chakula kinachouzwa kwa watu wanaokula hapohapo kila siku hakiwezi kuwa kibaya wala ghali, hilo ndo naliamini popote. Tafuta kibanda chenye foleni, onyesha kwa kidole. Kama huli nguruwe uwe macho, inawekwa kwenye vitu vingi hata supu inayoonekana ya mboga, sema "mai sai mu" yani usiweke nguruwe, na ukitaka uhakika zaidi tafuta alama ya halali ya Thailand, ina umbo la almasi na maandishi ya Kiarabu katikati. Pilipili yao sio ya mchezo, ukisema "mai phet" watapunguza.

Mchana wa jua kali, mifereji

Kati ya saa saba na saa tisa jua linakuwa kali na mahekalu ya wazi hayafai. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukaa sehemu yenye feni ukanywa kitu cha baridi, na sioni aibu yoyote katika hilo, siku ya mapumziko ni ya mapumziko.

Ya pili ni kukodi boti ya mkia mrefu uingie mifereji ya Thonburi. Hizi ni boti nyembamba zenye injini ya gari imefungwa nyuma na mhimili mrefu unaofika majini, makelele yake ni makubwa, ila zina paa na zikienda zinaleta upepo. Zinakodishwa kwa saa boti nzima, bei ni ya kuelewana, kwahiyo mkiwa watu wanne au watano inakuwa nafuu na ukiwa peke yako inauma. Kabla ya kuingia elewaneni mambo matatu: bei ni ya boti nzima sio ya kichwa, ni muda gani, na mtapita wapi. Mwambie unataka kuingia Bangkok Yai utokee Bangkok Noi au kinyume chake, ukitaja hivyo anajua unachokitaka, na kumbuka hapo unapita kwenye ule mto wa zamani.

Mdomoni mwa mfereji kuna geti la maji, boti inasubiri ndani, geti la nyuma linafungwa, maji yanapanda au yanashuka mpaka yalingane, la mbele linafunguliwa. Watoto wanapenda sana hii. Ndani ni ulimwengu mwingine, nyumba zimegusana na maji, mabibi wanamwagilia maua barazani, na juu ya mapaa ghafla linatokea sanamu la Buddha la dhahabu la Wat Paknam, mita 69 kwenda juu, lilikamilika 2021. Kwenye kingo na mabomba ya zamani angalia vizuri utaona kenge wakubwa wamelala juani, wengine urefu unampita mtu, hawana shida na mtu mradi usiwachokoze. Mbele ya mahekalu ya mfereji mwambie nahodha apunguze mwendo, uvuvi umekatazwa hapo na kambare wamejaa mpaka maji yanageuka meusi, watu wanauza mikate ya kuwatupia, ukitupa kipande kimoja mamia yanakuja yakipandana midomo wazi, na maji yanakurukia mpaka usoni.

Mwambie akushushe Tha Tien, au rudi mwenyewe kwa boti ya chungwa. Tha Tien ni N8. Boti nyingine zinasimama ng'ambo yake kwenye gati la Wat Arun, usiogope, kivuko kinavuka hapo kati muda wote kwa baht 5.

Mahekalu mawili, basi

Hapa watu watabisha: kasri la kifalme je? Siku hii liache. Kiingilio ni baht 500, mwisho wa kuingia ni saa tisa na nusu alasiri, umati ni mkubwa na kutembea ni kwingi, linahitaji asubuhi yake peke yake ukiwa na nguvu. Umeshaliona kutoka mtoni, na kutoka mtoni ndo linapendeza zaidi. Na ikitokea mtu mtaani akakwambia leo kasri au hekalu limefungwa ila yeye ana bajaji atakupeleka sehemu nyingine nzuri, huyo ni tapeli wa miaka yote, tembea mpaka getini ujionee mwenyewe.

Anza na Wat Pho, kutoka gatini ni dakika tano kwa mguu, kiingilio baht 300, inafungwa jioni kwahiyo huna haraka. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46 na ukumbi umembana kiasi kwamba humuoni mzima, unamuona vipande vipande katikati ya nguzo. Nenda mpaka miguuni. Nyayo zimepambwa kwa lulumizi, alama 108, na ukutani nyuma yake kuna bakuli 108 za shaba ambapo watu wanadondosha sarafu moja moja wakiomba, ukisimama kimya ukumbi mzima unalia ting ting ting bila kukoma. Ukitoka kaa kwenye vile viwanja vya ndani vyenye minara midogo, wageni wengi wanaangalia sanamu na kuondoka kwahiyo huku nyuma kuna utulivu. Wat Pho pia ndo kitovu cha masaji ya Kithai, ambayo UNESCO iliiorodhesha 2019, na wana sehemu yao ya kukanda mlemle ndani. Kwa miguu iliyotembea kutwa nusu saa inatosha.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, mwanaume na mwanamke. Beba kanga au mtandio mwepesi kwenye begi, umalize mjadala. Viatu vya kuvua haraka vitakusaidia.

Kama saa kumi na nusu vuka kwa kivuko kwenda Wat Arun, baht 200. Ngazi za mnara zimesimama wima kweli, shuka kinyumenyume kama kichwa kinazunguka. Sogea karibu na ukuta uangalie visahani vile, vingine bado unaona ua lote la katikati lilivyochorwa kwa brashi. Utakuta wageni na wenyeji wamevaa nguo za Kithai za kizamani za kukodi wanapigana picha kila kona, wapishe tu, wanafurahi.

Sasa la muhimu: jua likianza kushuka usibaki Wat Arun. Rudi ng'ambo, upande wa Tha Tien, kwa sababu jua linazama nyuma ya ule mnara na ukiwa chini yake huoni kitu. Kulingana na mwezi linazama kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa moja kasoro. Kuna migahawa ya ghorofani yenye meza za mbele ambazo zinatakiwa kuwekewa nafasi mapema, ila hata pale gatini na vichochoro vya pembeni panatosha. Usiondoke jua likishazama kama wengi wanavyofanya. Mnara unakuwa mweusi kabisa, anga linabaki na rangi, halafu taa zinawashwa na unageuka wa dhahabu, hiyo nusu saa ya pili ni bora kuliko ile ya kwanza.

Kama hupendi umati wa Tha Tien, panda boti mapema mpaka N13, Phra Arthit, kuna bustani ya bure pembeni ya ngome nyeupe ya Phra Sumen, watu wanafanya mazoezi kwa muziki, watoto wanacheza, na mbele yako daraja la Rama VIII.

Hesabu na mengine madogo

Boti zote za huu mpango, Sathorn mpaka Nonthaburi, kushuka Wang Lang, kwenda Tha Tien, kivuko kwenda na kurudi, na kurudi Sathorn, ni baht 74. Viingilio ni 500. Chakula cha sokoni ni kidogo. Kinachoweza kupandisha bajeti ni boti ya mkia mrefu peke yake.

Msimu mzuri ni Novemba mpaka Februari, joto linapungua na mvua hamna. Aprili ni joto kali, na katikati yake kuna Songkran ambapo mji mzima unamwagiana maji, hapo simu na pasipoti viweke kwenye mfuko wa plastiki la sivyo umeumia. Septemba na Oktoba mvua zinapiga jioni, na mto unaweza kufura mpaka magati mengine yakafungwa kwa muda. Beba maji, kofia, mafuta ya kuzuia jua, mwavuli mdogo na pawabenki.

Kurudi usiku usitegemee boti ya chungwa, jua likizama zinaadimika na kuisha mapema. Kama unataka kurudi kwa mto basi muulize mtu wa gatini ya mwisho ni saa ngapi unaposhuka mchana, sio unapotaka kuondoka. Ukiikosa hamna neno, kutoka Tha Tien unatembea dakika chache tu mpaka Sanam Chai, stesheni ya treni ya chini ya MRT iliyofunguliwa 2019, na inakupeleka katikati ya mji. Na kama bado una nguvu, kabla ya kuingia treni pitia soko la maua la Pak Khlong Talat, liko hapo jirani na halifungwi usiku, muda huo ndo magari yanaanza kushusha maua ya yasmini na kina mama wanayatunga kwa sindano ndefu kuwa mashada ya kupeleka hekaluni asubuhi, shada moja ni hela kidogo mno.